Mjomba Haalikwi

Ukitaka kumkasirisha Fundi, ilitosha kumwambia gesi imeisha. Huna haja ya matusi. Unashusha kioo, jasho linakutiririka, unasema, "Fundi, AC haipoozi, nijazie gesi," basi umeyataka mwenyewe. Anaacha alichoshika, anajifuta mikono kwenye suruali, anakutazama kama mtu uliyemwita mama yake mchawi.

"Umepima?" anauliza. "Umeiona ikitoka? Imekuaga?"

Sisi madereva wa Masasi tulilitumia neno hilo makusudi, hasa siku tusizokuwa na abiria. Mtu anapita na bodaboda anapiga kelele, "Fundi, gesi!" na yeye anarusha spana. Hakuwahi kumpata mtu hata mara moja, na spana aliifuata mwenyewe, huku akilaani.

Jina lake nalijua. Kila mtu alilijua, hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Mafundi mjini kwetu ni wengi, wa injini, wa bodi, wa matairi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno unaelekezwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya stendi, chini ya jabali ambalo mchana linameza jua lote na jioni linakurudishia. Mtu anauza ubaridi, halafu amejichagulia mahali penye joto kuliko pote mjini! Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Gari likija hapa haliwezi kunidanganya."

Mimi, Mama Zuhura kwa wanaonijua, kazi yangu ni udereva. Nina Noah ya kukodisha: harusi, misiba, wagonjwa, na mizigo isiyonuka. Mwanamke kuendesha Noah ya harusi watu walishangaa, wakachoka kushangaa, sasa wananiita wenyewe. Na mimi na Fundi tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa nimembeba bibi harusi kutoka Lupaso, gari limepambwa mpaka limesahau kuwa ni gari. Riboni, maua ya plastiki, na mbele, kuanzia boneti hadi chini ya taa, kanga mpya zimetandazwa na kukazwa kwa kamba, maana shangazi zake walisema gari la harusi halitembei uchi. Tunafika Masasi, AC inapuliza upepo wa jikoni. Bibi harusi poda imemchuruzika hadi shingoni, analia, na shangazi wananilaumu mimi. Nikakimbilia kwa Fundi, na kwa ujinga wangu nikalitamka lile neno.

Hata boneti hakufungua. Alichomoa kisu akazipasua zile kanga mbele ya wenyewe, akazitupa chini.

"Mmeliziba pua," akasema. "Ninyi mkizibwa pua, mtapoa?"

Kisha akafungua, akatoa riboni iliyokuwa imejisokota kwenye feni, akabadilisha fyuzi iliyoungua, na hewa ikaja baridi. Shangazi mmoja alikuwa ameshavua kiatu ampige nacho. Kanga za watu, mpya, hazijaingia hata maji! Nami nilimtukana kimoyomoyo njia nzima. Lakini bibi harusi alishuka anacheka, na wiki iliyofuata nikarudi kwa Fundi kumshukuru, nikamkuta hanikumbuki. Alilikumbuka gari.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sura za watu zilimpotea, magari hayakumpotea. Wanawake wawili waliishi naye kwa nyakati tofauti, na wote waliondoka kwa maneno yaleyale, kwamba huyu mtu anasikia feni, hasikii mtu. Mtoto hakujaliwa. Alipokuwa anatafuta ugonjwa wa waya angeweza kuchuchumaa tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kukohoa, lakini ukimweleza shida yako mwenyewe, sentensi ya pili tu keshaanza kutazama pembeni.

Namna yake ya kazi ilianza na swali kabla ya spana. "Umetoka wapi?" Kama umetoka mashambani Tandahimba wakati wa kupulizia mikorosho, anaanza na maji na brashi laini. Ile poda ya salfa inaingia kwenye kondensa, inashikana na vumbi jekundu, upepo haupiti tena, na soketi za waya zinaliwa mpaka zinakuwa kijani. Kondensa, kwa asiyejua, ni ule wavu unaokaa mbele ya rejeta. Joto lililotolewa ndani ya gari linakuja kutokea pale, na feni ndiyo inayolivuta liende zake. Feni ikifa, joto linabaki palepale, nawe unakaa ndani unalaani gesi.

Swali la pili: "Inapoa ukikimbia, inachemka ukisimama?" Ukisema ndiyo, anatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Hiyo ni feni." Anawasha injini, anawasha AC, anatazama. Feni haizunguki? Anaangalia fyuzi. Fyuzi nzima? Anachomoa rilei ya honi, kile kiswichi cha umeme, anaipachika mahali pa rilei ya feni. Bado? Anachukua nyaya mbili anaiunganisha feni moja kwa moja na betri. Ikizunguka, feni ni nzima, ugonjwa uko njiani, kwenye waya. Isipozunguka anaigonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Ikishtuka ikazunguka, kaboni za ndani ya mota zimeisha. Na hata ikizunguka vizuri, hakuridhika. Mfukoni hakukosa kipande cha gazeti. Anakiweka mbele ya kondensa, anakiachia. Kikinata pale, feni inavuta, anafunga boneti.

"Kuzunguka si kuvuta," alikuwa akisema. Nilikuja kujua baadaye msemo huo aliupata wapi.

Mwingine alioupenda ni huu: "Kwenye tambarare upepo unakufichia. Mlimani ndipo utaijua feni." Maana gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza kondensa wenyewe, hata feni ikiwa mfu hutajua. Lakini ukianza kupanda Newala umejaza watu, gari linatambaa, upepo wa njia haupo, hapo feni iko peke yake. Kwa hiyo kila mteja alimwambia, "Panda nayo Newala, ukirudi uniambie." Njia ya Nachingwea alikuwa anapanda gari la mteja wanakwenda kulijaribu pamoja. Njia ya Lupaso vilevile. Newala, nenda mwenyewe.

Na Newala ndiko kwao.

Sote tulijua, na hakuna aliyeuliza. Huko juu alikuwa na dada yake, tumbo moja, aliyemfuatia yeye, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mingi. Kila Idi Fundi alinipa mfuko nimpelekee, sukari, mchele, na kitenge kilichokunjwa vizuri kuliko kawaida yake ya kukunja vitu. Mimi Newala sikauki, kwa hiyo mfuko ulifika. Dada mtu aliupokea mlangoni kwa mikono miwili. Mama mrefu, mkimya, anayetembea wima hata akiwa na ndoo kichwani. Kisha narudi Masasi, namkuta Fundi anajifanya hana habari na mimi.

"Amesemaje?" anauliza hatimaye, macho kwenye waya.

"Amesema ahsante."

"Basi?"

"Basi."

Anaendelea kumenya waya. Nilianza kuiogopa Idi kwa ajili ya hilo neno "basi." Safari moja nilifikiria kumwongezea, nimwambie dada yako kauliza hujambo, nikashindwa. Uongo wa namna ile ukigundulika unaumiza kuliko kweli.

Kitu kingine cha ajabu: yeye mwenyewe AC hakuipenda. Ukimpa lifti, kitu cha kwanza anashusha kioo. "Zima hiyo, inaniuma magoti." Mtu mzima, maisha yake yote kapigania ubaridi wa wengine, mwenyewe anataka upepo wa dirishani! Nikimcheka ananiambia Wamakua hatuna adabu.

Maana tulikuwa watani. Mimi Mmakua wa Masasi, yeye Mmakonde wa Newala, na kwa watani mdomo hauna breki. Nilikuwa nikifika kibandani namsalimu, "Shikamoo Fundi," anaitika, "Marahaba, mtani," halafu mapambano yanaanza. Namwambia, "Ninyi mliona maji yako bondeni, mkabeba watoto mkapanda mlimani kusikokuwa na hata tone. Nani aliwaroga?" Naye anasema, "Na ninyi mkabaki huku chini kulinda mawe yasiibiwe." Akikasirika kweli Kiswahili kinamkimbia anabaki na Kimakonde, "nangu, nangu," mimi, mimi, mpaka anacheka mwenyewe.

Kwa hiyo alipofariki, kazi ya msibani ilikuwa yangu. Mtani hakai mkekani akalia. Wakati wanamtoa ndani nilivaa ovaroli yake, nikachukua spana, nikasimama mlangoni nikawazuia wabebaji. "Haondoki mtu hapa! Mmepima? Imewaaga? Nani kasema gesi imeisha?" Nikatoa kipande cha gazeti nikakiweka mbele ya jeneza nikakitazama kwa jicho moja. Watu waliangua kicheko, halafu wakaangua kilio, vyote kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Nilitoka jasho ndani ya ovaroli ile, na nilisikia harufu yake, nikakaza meno niendelee.

Dada yake aliteremka kuja kuzika. Hakucheka. Baadaye, watu walipopungua, aliniita pembeni akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mtani, ndivyo alivyokuwa?"

"Ndivyo, mama. Hivyohivyo."

Akatikisa kichwa. Alikuwa anamfahamu kaka yake kwa kuigizwa na mimi. Hilo jambo limenikaa hapa kifuani, halishuki.

Sasa niseme habari ya feni ya mlimani, ambayo Fundi aliisimulia mara nyingi mpaka sisi wote tuliijua kwa moyo. Anasema alikuwa anapanda Newala kwenye gari la kukodi, amevaa kanzu na koti. Kwenye kona moja ya mlima wakakuta gari zuri limesimama, boneti wazi, na bwana mmoja mnene amesimama kando anajipepea kwa kofia. Injini nzima, gari linaweza kwenda. Ila AC inapuliza moto, na yule bwana alikuwa ameapa haendelei na safari ndani ya tanuri.

"Nikamwambia dereva simama," Fundi anasema. "Nikaangalia. Feni inazunguka! Fyuzi nzima. Rilei nzima. Kondensa safi, unaweza kulia wali. Na bomba la gesi linaunguza mkono. Sasa wewe niambie, ugonjwa uko wapi?"

Sisi tunajifanya hatujui. "Gesi, Fundi."

"Mbwa ninyi! Nikavua koti. Nikapima kila waya. Nikafungua, nikafunga. Jua likapita hapa, likaenda pale. Dereva wangu akachoka akaniacha, akaenda zake. Mwishoni nikatoa karatasi mfukoni nipanguse jasho, ikaniponyoka, ikaangukia mbele ya kondensa. Badala ya kunata, ikanirukia usoni!"

Hapo anasimama, anatutazama mmoja mmoja, macho yanang'aa kama mtoto aliyepewa kiatu.

"Inazunguka kinyume! Fundi mmoja huko alikobadilishiwa feni aligeuza nyaya. Inazunguka, tena kwa nguvu, lakini inasukuma joto lirudi mbele, upepo unakotoka. Mlimani inapigana na upepo wenyewe. Nikageuza nyaya mbili tu. Mbili! Baridi ikaja hadi yule bwana akaomba sweta."

Tunapiga makofi. Kuzunguka si kuvuta. Kila mara alikatishia hapo. Hakuwahi kusema kilichofuata, kama alifika Newala au alirudi, na kwa nini alikuwa amevaa koti siku ya kazi. Na sisi hatukuuliza, tulikwisha kucheka.

Siku moja nawapandisha abiria Newala, njia ndefu, nikaona niwachangamshe. Nikawasimulia. Namwiga Fundi vizuri, sauti na mikono (mkono mmoja, mwingine kwenye usukani). Gari zima linacheka. Kiti cha nyuma kulikuwa na bibi mmoja wa Newala anarudi kutoka hospitali. Yeye kimya. Nikamwona kwenye kioo.

"Bibi, hujaipenda hadithi?"

"Naijua," akasema. "Siku hiyo mimi nilikuwa huko juu. Tulikuwa tunamsubiri."

Kicheko kikakatika. Akatueleza pole pole, bila ukali. Siku ile watu wa mume walikuja kutoa mahari ya mtoto wa kike wa dada yake Fundi. Na kwa Wamakonde wa kule, mtoto ni wa upande wa mama. Baba yupo, anaheshimiwa, lakini neno ni la mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa, mjomba ndiye anayekubali, na mjomba ndiye Fundi. Bila yeye hakuna wa kufungua mdomo. Wageni walikaa mkekani tangu asubuhi. Walipewa chai, wakapewa wali, wakapewa chai tena. Dada mtu anatoka barabarani anatazama, anarudi. Alasiri wazee wa mume wakasimama, wakavaa viatu. Wakasema nyumba isiyo na mjomba hawaoi. Walipofika kwenye kona za mlima wakamwona kwa macho yao, kanzu imejaa grisi, kichwa ndani ya boneti, anacheka peke yake. Ndani ya gari lile hamkuwa na mgonjwa wala mjamzito. Mtu ana joto, basi. Ndoa ikafa hapo. Yule binti aliolewa baadaye na mwingine, kwa haraka, bila kuchagua sana, akaachwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni, akarudi kwa mama yake.

"Na yeye alipofika?" niliuliza.

"Alifika magharibi. Anafurahi. Akaanza kumsimulia dada yake habari ya feni."

Loo! Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikapanda kona zilizobaki taratibu kama mwanafunzi wa udereva.

Sikumwambia Fundi kwamba najua. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoisikia hadithi ile kibandani, niliona kitu ambacho sikukiona kabla. Akifika pale kwenye "ikanirukia usoni" macho yanang'aa, kweli, halafu wengine wakipiga makofi yeye anainama haraka kutafuta kitu chini, spana, skrubu, chochote. Nadhani alikuwa ameipenda sana siku ile, na ameichukia sana, na hakujua azitenganishe vipi. Angekuwa amekosea kazi angeweza kuomba radhi. Lakini kazi aliipatia.

Ndipo mwaka mmoja, baada ya korosho kuuzwa, nikakodiwa kupeleka vyombo vya harusi Newala. Nyumba niliyotajiwa naijua. Ni yule mtoto wa mgongoni, mjukuu wa dada yake Fundi, sasa naye anaolewa. Nilikaa na habari hiyo siku nzima, jioni nikaenda kibandani nikamwambia wazi. Mjukuu wako anaolewa Jumamosi. Napanda asubuhi.

Akaendelea kumenya waya. Akamenya mpaka shaba ikabaki tupu ndefu, isiyofaa kitu.

"Wamekualika?" nikamwuliza.

"Mjomba haalikwi," akasema. "Nyumba ni yake."

Jumamosi nikamkuta amesimama kando ya Noah yangu, amenyoa ndevu, kanzu nyeupe, na koti lililomlegea mabegani. Lilelile, nilijua bila kuuliza. Akakaa kiti cha mbele. Nikataka kushusha kioo chake, akanizuia. "Washa AC. Leo nataka kuisikiliza." Njia nzima ya chini vyombo vinagongana nyuma, yeye ameinamisha kichwa anaisikiliza feni. Tulipoanza kupanda, gari likawa zito, akasema, "Inavuta." Hiyo tu.

Kwenye kona ya tatu ama ya nne kulikuwa na gari limesimama. Boneti wazi. Naapa kwa Mungu. Kijana mmoja amesimama katikati ya njia anatupungia kwa mikono yote miwili, na mwanamke amekaa kivulini na mtoto mdogo. Nilipunguza mwendo, ni desturi, mlimani hupiti gari lililokwama. Nikamtazama Fundi. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Usisimame," akasema.

"Fundi..."

"Mama Zuhura, nakuomba. Usisimame."

Akafumba macho. Nikapita. Nilimwona yule kijana kwenye kioo akiteremsha mikono. Fundi alibaki amefumba macho kona mbili nzima, midomo inacheza, sijui alikuwa anaomba au anahesabu makosa ya gari ambalo hakuliona.

Tulifika mapema. Mikeka imetandikwa, wanawake wanapika, watoto wanakimbizana. Fundi akashuka, akalivuta koti vizuri, akaenda moja kwa moja upande wa wanaume, mahali pa mbele ambapo mjomba hukaa. Pamekaliwa. Alikuwepo mzee mmoja wa ukoo wao, wa mbali kidogo, mpole, amevaa kofia mpya. Kumbe siku ile ya mahari, baada ya wageni kuondoka, ukoo ulikaa ukamweka huyo, na tangu hapo jando, misiba, mahari, vyote amevisimamia yeye. Bibi harusi mwenyewe alipita akamwinamia, "Shikamoo mjomba," kisha akamgeukia Fundi kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba," Fundi akasema.

Alipewa kiti. Kiti kizuri, cha plastiki, chenye mikono, wanachopewa wageni, na wenyeji wote wako mkekani. Dada yake akatoka jikoni, akamwona, akasimama. Alikuja akampa mkono, akauliza habari za Masasi, akauliza safari. Akaletewa maji ya kunywa kwenye glasi juu ya kisahani. Kila kitu kilikuwa cha adabu mno. Heri angemtukana.

Bwana harusi na watu wake wakaja, mambo yakaenda, yule mjomba wa kofia mpya akasema maneno yanayosemwa, tena aliyasema vizuri. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha mgeni, mikono magotini, akayasikiliza yote. Muda wa bibi harusi kuondoka ukafika, na hapo ndipo likatokea la kutokea. Gari la bwana harusi lilikuwa limesimama linanguruma muda mrefu, AC imewashwa ili bibi harusi apande kwenye baridi, nalo ndani limekuwa tanuri. Vijana wakazunguka boneti. Nikasikia mmoja anasema, wallahi, "Gesi itakuwa imeisha."

Dada mtu aligeuka. Alimtazama kaka yake pale kitini, kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama hasa.

"Fundi," akasema, "hebu watazamie wageni gari."

Fundi. Nililisikia neno hilo kama nalisikia upya. Sisi wote tulimwita hivyo, lakini yeye alimfuata tumboni, kwake alikuwa kaka.

Akainuka. Akavua koti, akatafuta mahali pa kulitundika, hakukuwa na mahali, nikalipokea mimi. Akaenda. Gari limevishwa kanga mbele, kama kawaida yetu, na riboni imeingia ndani. Nikangoja achomoe kisu. Hakuchomoa. Alipiga goti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akaanza kufungua mafundo kwa kucha, moja moja, wakati watu wanasubiri na wengine wanaguna. Alizitoa kanga zile nzima, akazikunja, akampa dada yake, ambaye alikuwa amesogea nyuma yake bila sisi kuona. Kisha akaitoa riboni, akabadilisha fyuzi. Feni ikazunguka. Akatoa kipande cha gazeti mfukoni, akakiachia. Kikanata.

"Wapande," akasema.

Bibi harusi akapanda. Mjomba wa kofia mpya akapanda mbele. Vigelegele vikapigwa, wakaondoka, na vumbi likatufunika sisi tuliobaki.

Dada yake akaja na ndoo ya maji, kata na sabuni. Kule juu maji hayamwagwi ovyo, hata leo ambapo mabomba yapo, watu wa umri wake bado wanayapima kwa jicho. Akasema, "Lete mikono." Akammiminia. Maji yalitoka meusi. Akachota tena akammiminia, na tena, hadi yakatoka meupe, na bado akaendelea kummiminia. Fundi ameinamisha kichwa, anasugua mikono iliyokwisha kutakata, anasubiri. Mimi nilijua anasubiri nini. Nilikuwa nimesimama pale na koti la watu mikononi, nasubiri pamoja naye.

"Inatosha, Fundi," akasema dada yake, akabeba ndoo na kata akarudi jikoni.

Tuliteremka jua likiwa bado liko juu. Pale kwenye kona hapakuwa na gari tena, ila majani waliyoweka barabarani kuonya wenzao. Aliyatazama tulipopita. Niliwasha AC bila kufikiri, mkono umezoea. Akaisikiliza kidogo, kisha akashusha kioo.

"Zima, mtani," akasema. "Kuteremka hakuna kazi ya feni."